Niko Matembezi Tu

Binti yangu anaondoka Ijumaa na vijana wenzake wa parokia kwenda kutembea kwenye milima ya Uluguru. Watalala huko kwenye mahema, watarudi Jumapili jioni. Jana alikuwa amekaa sakafuni sebuleni, amezungukwa na soksi, tochi, biskuti na masweta, anajaribu kuvilazimisha vyote viingie kwenye begi jipya la mgongoni ambalo bado linanuka duka. Akaniuliza bila kuinua kichwa, "Baba, na wewe uliwahi kwenda milimani na mzigo mgongoni, na kundi la watu?"

Nikamwambia niliwahi, mara moja, nikiwa mdogo, kule kwetu Mbinga.

"Ilikuwaje?"

"Ilikuwa nzuri sana," nikasema, kisha nikatoka nje kumwagilia maua ambayo mvua ilikuwa imeshayamwagilia.

Sikumdanganya. Zile siku zilikuwa tamu kuliko zote za utoto wangu, na mpaka leo, mtu mzima mwenye mvi, sijui nizifanyeje.

Tulikuwa wanne. Dada Winfrida, tuliyemwita Dada Wini, ndiye aliyekuwa mkubwa. Alikuwa karibu kumaliza shule ya msingi. Akamfuata Osmundi, mtundu wa kupanda miti. Kisha mimi, niliyekuwa nimeng'oka meno ya mbele na sijaanza darasa la kwanza. Wa mwisho alikuwa Agneta, ambaye alikwisha jua kutembea lakini aliona mgongo wa Dada Wini ni bora kuliko ardhi. Baba alifariki Agneta hajaweza kukaa. Mama akamfuata mwishoni mwa masika, mahindi yakiwa yanaanza kukauka shambani. Nilijua Mama amekufa, lakini kwa ujuzi wa kitoto: nilijua yuko kaburini nyuma ya migomba, na papo hapo nilikuwa namtegemea arudi.

Matanga yalipokwisha, wazee walikaa nyumbani kwa Baba mkubwa mchana kutwa. Sisi watoto tulifukuzwa tukacheze kwenye mibuni. Dada Wini aliitwa apeleke chai, akakaa huko ndani muda mrefu kuliko chai inavyohitaji. Alipotoka, alisimama uani na birika tupu mkononi, akiliangalia kama amesahau lilikuwa la kazi gani. Halafu akatuita.

"Ijumaa tunakwenda matembezi," akasema. "Tunakwenda kuona ziwa."

Nilirukaruka mpaka nikajikwaa. Ziwa nililijua kwa mbali tu. Siku ambazo hakuna ukungu, ukipanda mgongo wa mlima ulio juu ya kwetu, uliona kule chini kabisa ukanda wa buluu usiofanana na buluu ya mbingu. Osmundi aliniambia hapo ndipo mbingu inapokunjwa na kuwekwa.

Wiki ile Dada alitushonea mabegi kwa mifuko ya mbolea, akayatia mikanda ya vitambaa vilivyokunjwa ili isitukate mabega. Kila mmoja alipata lake. Langu alilijaza nguo zangu zote: sweta lenye tundu kwenye kiwiko, shati la Krismasi, hata kaptula ambayo ilikuwa kubwa bado.

"Mbona nabeba zote?" nikauliza.

"Mtu mkubwa hubeba vitu vyake mwenyewe."

Nikavimba kwa fahari. Nilizunguka uani na begi lile tangu Jumatano, nikilala nalo kichwani. Niliona kwamba begi la Dada lilikuwa dogo, lina kanga moja na viazi vya kuchemsha vya njiani, hakuna nguo yake hata moja. Nikadhani ni kwa sababu yeye atambeba Agneta.

Tuliondoka asubuhi ya kipupwe, ukungu umekaa mabondeni kama maziwa kwenye bakuli. Nyasi zilikuwa zimelowa umande, miguu yetu ikawa myekundu kwa baridi. Kahawa ilikuwa imeiva, na kila nyumba tuliyopita ilitoa ile harufu ya maganda yaliyoanza kuchacha, tamu na kali kwa pamoja. Baba mkubwa alitangulia na panga na kikapu. Nyuma yetu walikuja akina mama kadhaa wa kijijini waliokuwa wakiteremka ziwani kubadilisha maharage yao kwa usipa, wale samaki wadogo wa kukausha. Kwa hiyo tulikuwa kundi zima, na akina mama waliimba, na milima ilikuwa ikiwaitikia.

Kila aliyekutana nasi njiani alitupa kitu. Huyu muwa, huyu ndizi, yule mfuko wa karanga. Mwanamke mmoja nisiyemjua aliweka mzigo wake wa kuni chini, akanishika mashavu kwa mikono yake yote miwili, akaniangalia, akaubeba tena mzigo wake akaenda. Nilimnong'oneza Osmundi kwamba tumekuwa watu maarufu. Siku hiyo Osmundi hakupanda mti hata mmoja.

Mpaka leo naweza kuiona njia ile nikifumba macho. Kwanza miteremko ya mashamba yetu ya ngoro, yale mashimo ya duara yaliyopangana mlima mzima, mahindi yamesimama makavu na kunong'ona. Kisha vijito baridi tulivyovuka kwa kurukia mawe, Baba mkubwa akinishika begi kwa nyuma kama anayeshika mtoto wa paka. Kisha, tulivyozidi kushuka, miti ikabadilika. Majani yalikuwa yamegeuka rangi ya kutu na ya limau, na upepo ukivuma yalimwagika juu yetu kama watu wanavyowamwagia maharusi mchele. Dada Wini alitembea akitutajia vitu. Huu mti Mama alichimba mizizi yake kwa ajili ya tumbo. Hapa kwenye jiwe Mama alipumzika siku anapanda kuja kuolewa, maana yeye alitoka huku chini. Alisema na kusema. Dada hakuwa msemaji kiasi hicho nyumbani. Niliona ni raha ya safari.

Jioni tulifika kwa mjomba, kaka yake Mama, upande wa Litumbandyosi. Tulichinjiwa kuku. Asubuhi yake mjomba alimwita Osmundi zizini akamkabidhi mbuzi mdogo, mweupe, mwenye doa moja kwenye paji.

"Huyu ni wako," akasema. "Utamwangalia."

Nikamwonea wivu. Mbuzi mzima, wake! Nilisusa hata uji. Kwa hiyo tulipokuwa tukiondoka, na Osmundi akabaki amesimama penye njia panda na kamba ya mbuzi mkononi, sikumuaga. Dada Wini alipiga magoti mbele yake akafungua vifungo vya shati lake, vyote, akavifunga tena kimoja kimoja kuanzia juu, ingawa vilikuwa vimefungwa sawasawa.

"Dada," Osmundi akasema.

"Najua," akasema Dada.

Ni hayo tu waliyoambiana. Tulipopita kona nikauliza, "Osmundi tutampitia tukirudi?"

"Twendeni, jua litatukuta njiani," akasema Baba mkubwa.

Mchana tuliingia kwa mama mdogo, mdogo wake Mama, ambaye alikuwa ameolewa miaka mingi bila kupata mtoto. Nyumba yake ilikuwa imefagiliwa mpaka uwanja ulikuwa na mistari. Alikuwa amechemsha maji ya kuoga, amenunua gauni jipya dogo la njano, amepika uji wa karanga. Alimchukua Agneta mikononi kwa woga kama anayepokea kitu cha kuvunjika. Akamwogesha, akamvalisha, akamlisha. Agneta akashiba, akarudi mgongoni kwa Dada, akalala.

Dada akatembea naye huku na huku uani muda mrefu. Kisha akaingia ndani, na alipotoka kanga ya mbeleko ilikuwa imekunjwa mkononi.

"Anaachwa alale?" nikauliza.

"Amechoka," akasema Dada. "Njia iliyobaki ni mbaya."

Tulikuwa hatujafika mbali, tumeteremka tu nyuma ya kichaka cha mianzi, tuliposikia kilio. Ni kile kilio cha mtoto aliyeamka akakuta mgongo si wenyewe. Dada akasimama. Baba mkubwa akasimama. Akina mama nao wakasimama na mizigo yao vichwani, wala hakuna aliyegeuka. Halafu Dada Wini akaanzisha wimbo. Aliuanzisha juu mno, sauti ikapasuka, akauanza upya, na akina mama wakaudaka kwa nguvu, wakaimba kama wako kwenye sherehe, wakipiga makofi. Nami niliimba kwa kelele zangu zote. Nilidhani tunafurahi kwa sababu ziwa limekaribia.

Baba mkubwa aliingia kichakani, akarudi akijifuta macho. "Moshi wa wachoma mkaa hawa," akasema. Niliangalia pande zote nikiutafuta ule moshi.

Mbele yangu Dada alitembea na mgongo mtupu. Gauni lake lilikuwa limelowa jasho pale Agneta alipokuwa, na ule unyevu ulikuwa na umbo kamili la mtoto. Ghafla akageuka, akachutama.

"Panda," akaniambia.

"Mimi mkubwa. Nina begi langu."

"Panda tu, na begi lako."

Nikapanda. Nilikuwa mzito, na kwenye mteremko mawe yaliporomoka chini ya miguu yake. Akina mama walimwambia anishushe, hakunishusha. Hivyo ziwa nililiona kwa mara ya kwanza kutoka mgongoni kwa dada yangu, kidevu changu kikiwa begani mwake. Halikuwa ukanda tena. Lilikuwa limejaa kila mahali, na ng'ambo yake ilikuwa milima mingine ya nchi nyingine. Nilimwambia Osmundi ni mwongo, mbingu haikunjwi pale. Nikakumbuka kwamba Osmundi hayupo, nikaiweka habari ile ya kumwambia tukirudi.

Tulilala Kihagara, kwa shangazi, dada yake Baba. Mume wake alikuwa mwalimu, mtu wa Singida aliyehamishiwa huko akazoea. Jumapili asubuhi, kabla ya misa, Dada alinipeleka majini. Aliingia na gauni lake mpaka kiunoni, akanishika chini ya makwapa, akaniogesha kila mahali, nyuma ya masikio, katikati ya vidole vya miguu. Wimbi dogo lilimpiga usoni, akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu Mama augue. Nilitaka wimbi lingine lije, nikalipigia maji kuliita.

Baada ya misa tulikula ugali wa muhogo, ambao ulininata mdomoni, na samaki aliyechomwa, mkubwa kuliko mkono wangu. Dada hakula sehemu yake, aliisogeza kwenye sahani yangu. Kisha Baba mkubwa akachukua kikapu chake.

Dada alipochukua begi lake dogo, nami nikakimbilia langu. Shangazi akanishika bega polepole. Hapo nikaelewa, au nilidhani nimeelewa. Nilifurahi kwa akili zangu.

"Unakwenda kuwachukua akina Osmundi?" nikauliza. "Uwalete nao waone ziwa?"

Dada aliniangalia. Midomo yake ilijikunja kama ya mtu anayeonja ndimu.

"Ndiyo," akasema.

"Mje na mbuzi."

"Tutakuja naye." Akanishika kichwa. "Ukiambiwa kula, kula. Ukiambiwa oga, oga. Mwamkie shangazi kila asubuhi. Umesikia?"

"Nimesikia."

Hakugeuka nyuma. Nilimwangalia akipanda njia ile nyekundu, mbele yake Baba mkubwa, mpaka wakawa wadogo, mpaka wakawa miti.

Niliwasubiri. Kila alasiri nilikwenda kukaa mwanzo wa ile njia, nikiwa nimepanga kabisa nitakavyomwonyesha Osmundi mahali pa kina kifupi. Shangazi alinifuata jioni bila kunigombeza, akanirudisha kwa mkono. Muhula ulipoanza nilishonewa sare. Mume wa shangazi ndiye aliyefundisha darasa la kwanza. Akatuambia tusimame mmoja mmoja, kila mtu ataje jina lake na anakoishi. Zamu yangu ilipofika nikataja jina, nikasema, "Siishi hapa. Niko matembezi tu. Dada yangu anakuja kunichukua."

Watoto walicheka, kwanza kwa lafudhi yangu ya milimani, kisha kwa maneno yenyewe, kwa sababu wote walijua. Kijiji kizima kilijua isipokuwa mimi. Mwalimu hakucheka wala hakuwanyamazisha. Aligeukia ubao na chaki mkononi, akakaa hivyo muda mrefu, mgongo wake umetuelekea, bila kuandika kitu.

Hakuna siku niliyoambiwa. Nilijua taratibu, jinsi mtu anavyojua kwamba viatu havimtoshi tena. Walinipenda, siwezi kusema vingine. Mwalimu alinisomesha mpaka nikafika hapa nilipo. Nilijifunza Kinyasa kwa kucheza, na Kimatengo kikanitoka bila kuaga. Dada Wini alipofika hatimaye, nilikuwa nimeota ndevu chache na yeye alikuwa na mtoto wa kwake mgongoni. Alisimama uani kwa shangazi, akaniita kwa lugha ya nyumbani, neno refu la upendo. Sikulielewa. Nikampa mkono, nikainamisha kichwa kidogo, nikasema, "Shikamoo, Dada." Niliona kitu fulani kikianguka usoni mwake. Akajibu kwa Kiswahili, "Marahaba. Umekuwa mkubwa." Tulizungumza habari za mavuno.

Simu zilipokuja mambo yakawa afadhali. Alikuwa akinipigia Jumapili baada ya misa, kisha anampigia Osmundi huko Songea, kisha Agneta. Habari zetu zilipitia kwake. Mtu akitaka kujua ukoo, au alizaliwa saa ngapi, au kovu la gotini alilipataje, jibu lilikuwa moja tu kwa wote: muulize Dada. Na Dada alikuwa na jibu, kila mara.

Alifariki kipupwe kilichopita, kahawa ikiwa mitini. Aliugua muda mfupi. Hakutuambia; aliwaambia waliomuuguza kwamba tuna safari ndefu, tusisumbuliwe.

Tulizika juu kule kwetu, karibu na Mama. Watatu tuliobaki tulikaa kwenye benchi moja nje ya nyumba yake, na kwa mara ya kwanza tangu ule mwisho wa juma tulikuwa pamoja, na sasa bila yeye katikati. Osmundi anazungumza Kingoni cha mke wake, Agneta Kimpoto, mimi Kinyasa. Tulimlilia dada yetu kwa Kiswahili, lugha tunayotumia ofisini na sokoni.

Baba mkubwa aliletwa kwenye kiti akaketi nasi. Macho yake hayaoni tena, lakini alitutambua kwa sauti.

"Hakutakiwa kwenda safari ile, mnajua?" akasema. "Yeye alipangiwa kubaki kwangu. Nilimwambia, Winfrida, wewe baki uchume kahawa, wadogo zako nitawapeleka mimi. Akasema, hapana Baba mkubwa, lazima nione watakapolala. Nisipopaona nitawawazaje? Tuliporudi tulipita kote. Kwa mama yenu mdogo hakuingia. Aliombwa asionekane, ili mtoto azoee. Akasimama nyuma ya jiko, akamsikiliza Agneta anacheza. Alisimama mpaka nikamwambia, mwanangu, tunachelewa. Na shule hakurudi. Alisema hasikii tena mwalimu anachosema."

Agneta hakuwahi kuyasikia hayo. Utotoni aliambiwa Winfrida ni binamu yake, akaja kuujua ukweli akiwa msichana mkubwa. Alikaa muda mrefu akizungusha pete kidoleni. Jua lilikuwa linazama nyuma ya migomba, na watu walikuwa wanaanza kuaga.

"Kaka zangu," akasema mwishowe, "Mama alikuwa mtu wa namna gani?"

Nilimwangalia Osmundi, naye akaniangalia. Nilitafuta ndani yangu uso wa Mama, nikapata mikono inayonifunga vifungo, mikono inayoniosha masikio, sauti inayotaja miti, na vyote vilikuwa vya Dada. Hapakuwa na kingine. Osmundi ndiye aliyejibu, haraka, bila kufikiri, kama tulivyojibu maisha yetu yote.

"Muulize Dada."

Kisha akasikia alichokisema. Agneta alikuwa ameshageuza kichwa kuelekea mlangoni kwa Dada.